Maswali ya Wasomaji: Protini Zinazotaja Ukoo wa Uvimbe

Barua nne za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: uvimbe ambao maabara inautaja kuwa wa misuli laini, na kipimo cha protini ambacho daktari anakiomba baada ya majibu ya kwanza kutoka. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine, kwa sababu kosa linaloweza kutokea hapo humgharimu mgonjwa kuliko makosa mengine yote nitakayoyataja.

Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 44, alifanyiwa upasuaji akatolewa uvimbe wa ukubwa wa chungwa uliokuwa kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Majibu yaliandikwa: "Uvimbe wa seli ndefu nyembamba, yawezekana ni wa misuli laini, inashauriwa kufanya kipimo cha protini." Tumeambiwa tulipie tena na kinyama kipelekwe hospitali nyingine. Uvimbe umeshatoka wote na mgonjwa anaendelea vizuri. Je, kuna haja kweli, au tunaongezewa gharama tu? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Nakuomba mkilipie kipimo hicho, tena msikicheleweshe. Mpatholojia, yaani daktari anayechunguza vinyama kwa hadubini, aliyeandika "yawezekana" ameandika kwa uaminifu. Rangi za kawaida za maabara ni hematoksilini, inayotia viini vya seli rangi ya samawati, na eosini, inayotia sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Na kwa rangi hizo mbili pekee hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba uvimbe wa namna hiyo katika tumbo la chakula ni wa misuli laini.

Sababu ni kwamba ukuta wa tumbo la chakula unakaliwa na koo kadhaa za seli. Zipo seli za misuli laini, ambazo hukaza na kulegea bila sisi kuziamuru, na ndizo zinazosaga chakula na kukisukuma. Katikati yake hupita nyuzi za neva pamoja na seli zinazozifunika. Halafu zipo seli za Cajal, zilizopewa jina la Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania, ambazo kazi yake ni kama ya mpiga ngoma mbele ya wachezaji: ndizo zinazoanzisha mapigo ya mkazo yanayopita katika misuli hiyo. Kila ukoo kati ya hizo tatu unaweza kuzaa uvimbe, na kila uvimbe chini ya hadubini huonyesha seli ndefu nyembamba zilizolala kwa mafungu. Mwenye uzoefu huona tofauti ndogondogo. Seli za misuli laini, kwa mfano, huwa na kiini kirefu chenye ncha butu kama sigara, na mafungu yake hukatana kama miyaa inavyopishana katika mkeka. Lakini tofauti hizo hazitoshi kumwandikia mtu dawa, wala kumnyima.

Hapo ndipo protini zinapohitajika. Kila seli hubeba vifaa vya kazi yake, na mara nyingi huendelea kuvibeba hata inapogeuka kuwa uvimbe. Seli ya misuli laini ina aktini, protini ya kuvuta, ya namna yake, ambayo katika majibu huandikwa SMA. Ina desmini, ugwe unaoshikilia nyuzi za ndani ya seli zikae pamoja, nayo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kifungo. Ina pia h-kaldesmoni, inayoishika aktini na kusaidia kuuongoza mkazo. Seli ya Cajal, kwa upande wake, hujulikana kwa protini iitwayo KIT, ambayo maabara huiandika CD117, pamoja na nyingine iitwayo DOG1. Seli zinazofunika neva hubeba S100.

Kipimo chenyewe hakimtaki mdogo wako akatwe tena. Kinyama chake kimehifadhiwa ndani ya bloku ya nta, na bloku hiyo ndiyo inayosafirishwa. Fundi hukata kutoka humo utando mwembamba wa mikroni 4 hivi, yaani sehemu nne za elfu ya milimita, huutandaza juu ya slaidi, kisha huuchemsha katika maji yenye kemikali maalumu ili protini zilizofungwa na formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, zifunguke. Baada ya hapo huweka matone ya kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya protini moja tu. Ikiikuta protini yake hung'ang'ania, na isipoikuta huoshwa ikaondoka. Kingamwili ya pili, iliyobeba kimeng'enya, huishika ile ya kwanza, na kemikali inayowekwa mwisho hugeuka kahawia mahali penye kimeng'enya hicho. Kila protini hutaka slaidi yake na kingamwili yake, na kingamwili huagizwa kutoka nje kwa bei kubwa. Gharama mnayoambiwa inatoka huko.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza. Kwa miaka mingi madaktari duniani kote waliuita uvimbe wa namna hii wa tumboni leiomioma, au leiomiosakoma pale ulipokuwa mkali, wakiamini kwamba chanzo chake ni misuli laini. Mwaka 1983 Mazur na Clark wa Marekani waliuchunguza wakaona kwamba mara nyingi hauna sifa za misuli laini, wakapendekeza jina lisiloegemea upande wowote, uvimbe wa stroma. Mwaka 1998 Hirota na wenzake wa Japani wakaonyesha kwamba seli zake zina KIT, na kwamba jeni ya KIT huwa imebadilika kiasi cha kuiamuru seli igawanyike bila kukoma. Uvimbe huo leo unaitwa GIST, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya uvimbe wa stroma wa tumbo na utumbo. Mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza wa GIST alipewa vidonge vya imatinibi nchini Ufini, ugonjwa wake ukiwa umekwisha kuenea na matibabu mengine yamegonga mwamba, na uvimbe ukanywea. Dawa hiyo huizuia KIT. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwa ajili ya GIST katika orodha ya dawa muhimu.

Kwa hiyo slaidi za mdogo wako zinaweza kutuelekeza njia tatu zisizokaribiana. KIT na DOG1 zikiwa chanya, yaani seli za uvimbe zimegeuka kahawia, ana GIST, na uvimbe wa ukubwa wa chungwa hauachwi hivihivi hata kama umetoka wote: daktari atahesabu seli zinazogawanyika, atazame ukubwa na mahali ulipokuwa, kisha aamue kama anahitaji imatinibi kwa miaka kadhaa na picha za mara kwa mara, kwa maana GIST ina tabia ya kurudi katika ini au katika utando wa tumbo. Desmini ikienea uvimbe mzima huku KIT na DOG1 zikiwa hasi, na seli zikiwa tulivu, ni leiomioma, naye arudi nyumbani bila dawa yoyote. S100 ikiwa ndiyo chanya, uvimbe ni wa ala ya neva, ambao kwa kawaida katika tumbo la chakula huwa hauna madhara. Lakini uvimbe wa misuli laini ulio mkali haupati faida kutokana na imatinibi, na GIST haijali dawa za kawaida za kemotherapi. Anayetibiwa kwa jina lisilo lake hupoteza fedha na muda, na muda ndio usiorudishwa.

Kuna mtego mmoja ningependa daktari wenu aukumbuke. GIST nyingi huwa chanya kwa h-kaldesmoni, kwa hiyo katika tumbo la chakula protini hiyo pekee haithibitishi misuli laini. Mtego wa pili ni kinyume chake: ndani ya leiomioma halisi huweza kutawanyika seli chache za Cajal, pamoja na seli za mzio ambazo nazo zina KIT, na msomaji wa slaidi mwenye haraka akaona kahawia hapa na pale akaandika GIST. Swali la kuuliza ni kama seli za uvimbe zenyewe ndizo zilizogeuka kahawia. Jazeni fomu ya kuombea bloku leo hii, na mhakikishe nakala ya majibu ya kwanza na maelezo ya upasuaji vinasafiri pamoja nayo.

Shikamoo Daktari. Ninasomea teknolojia ya maabara. Katika mazoezi tulionyeshwa slaidi za uvimbe wa paja, SMA chanya kwa nguvu, desmini hasi. Mwenzangu alisema hiyo ni leiomiosakoma kwa kuwa SMA ni protini ya misuli laini. Mwalimu akasema bado, lakini muda wa kipindi ukaisha. Tunakosea wapi? — Mwanafunzi, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi. SMA imeitwa kwa jina la misuli laini, lakini misuli laini haiimiliki peke yake. Mtu akijikata, seli za kovu zinazovuta kingo za kidonda zikutane hujitengenezea aktini hiyohiyo, kwa sababu nazo zina kazi ya kuvuta. Seli hizo huitwa miofibroblasti, na zipo aina za uvimbe zinazotokana nazo ambazo si saratani hata kidogo. Mojawapo huota chini ya ngozi ya mkono au paja kwa wiki chache tu, ikamtisha mgonjwa na daktari wake, ilhali ikiachwa huweza kunywea yenyewe. SMA yake huwa chanya kwa nguvu kabisa. Mtu akikatwa paja kwa kuamini kahawia ya slaidi moja, hakuna wa kumrudishia.

Tazama hata namna kahawia ilivyokaa. Katika seli ya misuli laini huwa imejaa mwili mzima wa seli, lakini katika miofibroblasti mara nyingi hujipanga pembezoni, mistari miwili sambamba kama reli. Kisha omba slaidi nyingine. Desmini na h-kaldesmoni zikiwa chanya pamoja na SMA, hoja ya misuli laini inakuwa na miguu ya kusimamia, kwa kuwa miofibroblasti kwa kawaida haina h-kaldesmoni. Desmini nayo usiichukue peke yake, maana iko pia katika misuli tunayoitumia kutembea na kunyanyua. Saratani ya misuli hiyo huwa na desmini, lakini huongeza miojenini, ambayo misuli laini haina. Na leiomiosakoma iliyoharibika sana huweza kuitupa desmini, ndiyo maana slaidi mliyoiona haimalizi shauri upande wowote. Mimi hutaka angalau protini mbili zinazokubaliana, juu ya uvimbe ambao sura yake kwa rangi za kawaida tayari imenielekeza huko. Sura ikikataa, narudi kuitazama upya kabla ya kuongeza kingamwili.

Kabla ya hayo yote, tazama mishipa ya damu. Kila slaidi ya SMA ina shahidi wake ndani, kwa maana kuta za mishipa midogo ya damu zina misuli laini na lazima zionekane kama pete za kahawia. Ukikuta uvimbe ni hasi na pete hazipo, usiandike "hasi". Kipimo kimeshindwa, na sababu mara nyingi haiko katika chumba chako bali katika chumba cha upasuaji. Niliwahi kupokea kutoka hospitali moja uvimbe mkubwa uliosukumwa kwa nguvu ndani ya chupa ya maji ya kunywa, umejaa hadi shingoni, na formalini kidogo tu chini yake. Tulilazimika kuikata chupa ili kuutoa. Nje ulikuwa mgumu na wa kijivu kama inavyotakiwa, ila nilipoupasua katikati ulikuwa mwekundu, laini, unanuka. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, na uvimbe huo ulikuwa umeoza ndani wakati ukisafiri kuja kwetu. Hakuna kingamwili iliyoshika chochote katikati yake. Ukiwa fundi, wafundishe wenzako wa wodini: chombo chenye mdomo mpana, formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake mara kumi ya kinyama, uvimbe mkubwa ukapasuliwe kwanza, na usikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 iwapo mnataka protini zisomeke vizuri.

Assalaam aleikum Daktari. Nina miaka 27, nimetolewa fibroidi saba. Majibu yameandikwa leiomioma, si saratani. Nimesoma kwamba kuna vipimo vya protini vya kuthibitisha. Je, nivitafute? — Msomaji, Unguja

Waaleikum salaam, dada. Kwa walio wengi jibu ni hapana. Fibroidi ndiyo uvimbe wa misuli laini unaopatikana kuliko wote, na mpatholojia huitambua kwa rangi za kawaida bila shida. Pia usidhani kwamba SMA na desmini hutenganisha fibroidi na saratani. Protini hizo hutaja ukoo, hazitaji tabia: leiomioma tulivu na leiomiosakoma hatari zote huweza kubeba desmini. Tabia huamuliwa kwa macho, kwa vigezo ambavyo Bell na wenzake wa Stanford, Marekani, walivipanga mwaka 1994: viini vilivyopoteza umbo, seli za uvimbe zilizokufa kwa namna maalumu, na idadi ya seli zinazogawanyika, ambapo 10 au zaidi katika maeneo 10 ya lenzi kubwa ni dalili mbaya. Vikikutana viwili kati ya vitatu, ni leiomiosakoma. Vipimo vya protini nyingine, Ki-67, p53 na p16, husaidia pale sura inapokuwa ya kutatiza, navyo haviamui peke yake.

Hata hivyo umri wako na wingi wa fibroidi zako vinanifanya niulize swali moja. Je, mama yako, dada zako au shangazi zako walitolewa fibroidi wakiwa wadogo, au yupo katika ukoo mwenye vinundu vingi vya ngozi vinavyouma, au aliyeugua saratani ya figo? Iko hali ya kurithi ambayo seli hukosa kimeng'enya kiitwacho FH, na dalili zake ni hizo. Hapo kipimo cha protini husomwa kinyume cha ilivyozoeleka: mishipa ya damu hugeuka kahawia ilhali seli za fibroidi hubaki bila rangi. Kukosekana ndiko kunakotafutwa. Slaidi ikionyesha hivyo haina maana kwamba umerithi, kwa kuwa mara nyingi hitilafu hiyo hutokea ndani ya uvimbe tu, lakini unastahili kuonana na mtaalamu wa magonjwa ya kurithi na figo zako zichunguzwe. Seli za fibroidi nazo zikigeuka kahawia, historia ya ukoo ikiwa nzito, bado ukaonane naye, kwa sababu baadhi ya mabadiliko ya jeni huiacha protini ikionekana ipo ingawa haifanyi kazi. Kama hakuna hata mmoja katika ukoo, mwonyeshe daktari wako majibu na umwulize kama mpatholojia aliona sura isiyo ya kawaida. Ikiwa hakuiona, endelea na maisha yako.

Daktari, kaka yangu anaishi na VVU, na picha imeonyesha vinundu vinne kwenye ini. Kinyama kilichochukuliwa kimesemwa ni uvimbe wa misuli laini. Wametuambia saratani imesambaa na sasa wanatafuta ilikoanzia. Je, lazima iwe hivyo? — Msomaji, Kampala

Si lazima, ndugu yangu, na nimefurahi umeandika kabla hajaanza matibabu mazito. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba watu ambao kinga yao imeshuka, kwa VVU au kwa dawa za baada ya kupandikizwa kiungo, wanaweza kupata uvimbe wa misuli laini unaotokana na virusi vya Epstein-Barr. Ni virusi vilevile vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa Burkitt, aina ya saratani ya limfu, za wagonjwa wa huko kwenu Uganda. Uvimbe huu hupenda kutokea mahali pengi kwa pamoja, ini likiwa mojawapo, na kila kinundu huweza kuwa kimeanza chenyewe mahali kilipo. Mgonjwa wa namna hiyo akihesabiwa kuwa saratani imemwenea, familia hukata tamaa mapema mno.

SMA na desmini haziwezi kutofautisha hali hiyo na leiomiosakoma iliyosambaa, kwa kuwa ukoo ni ule ule. Kinachotakiwa ni kipimo kiitwacho EBER, ambacho hakitafuti protini bali RNA ya virusi ndani ya kiini cha seli, nacho hufanyika kwenye bloku ileile ya nta. Wapo wanaotumia badala yake kipimo cha protini ya virusi iitwayo LMP1. Kwa uvimbe huu hakitoshi, maana mara nyingi huwa hasi ingawa virusi vimo.

EBER ikiwa chanya, hatua ya kwanza ni kuitazama kinga yake: anakunywa dawa za ARV kwa utaratibu, kiwango cha virusi vya VVU ni kiasi gani, seli zake za kinga, CD4, ziko wapi. Upasuaji hufikiriwa kwa vinundu vinavyofikika au vinavyomsumbua, na wengi huishi na uvimbe huu kwa muda mrefu. EBER ikiwa hasi, basi msako wa mahali ilikoanzia uendelee, na kwenye tumbo na utumbo wasisahau KIT na DOG1. Nenda na kaka yako kliniki mkiwa mmebeba namba ya bloku iliyoandikwa juu ya karatasi ya majibu, na mwombe daktari aandike kwenye fomu ya maabara kwamba mgonjwa anaishi na VVU, iwapo kaka yako ameridhia. Mpatholojia asiyeambiwa hilo hatakuwa na sababu ya kuiwaza EBER.